Giaboksi ya otomatiki imegoma: maswali tunayoulizwa kila wiki gerejini

Kazi yangu ni giaboksi za otomatiki, upande wa Kariobangi Light Industries hapa Nairobi. Nimeandika majibu haya kwa sababu nachoka kuona pesa za watu zikipotea kabla gari halijanifikia. Mmoja ameshushiwa giaboksi isiyo na kosa, mwingine amejaziwa oili isiyo yake, na wote wawili walikuwa na haraka ya kufika kazini. Kama huna muda wa kusoma yote, shika hili: usikubali giaboksi yako ishushwe kabla fundi hajapima oili, hajasoma kompyuta ya gari, na hajaliendesha wewe ukiwa umeketi kando yake.

Nimeweka D, injini inanguruma lakini gari halisogei. Giaboksi imekufa?

Si lazima. Kwanza ondoa mguu kwenye mafuta. Ukizidi kukanyaga gari likiwa limesimama, klachi za ndani zinasuguana bila kushika, na joto hilo ndilo linalomaliza hata kile kilichokuwa bado kizima. Rudisha P, vuta handibreki, washa hazadi, toka uinamie chini ya gari. Ukiona oili inachuruzika, zima injini na usiiwashe tena, hata kama askari anakuhimiza uondoe gari barabarani. Omba watu wakusaidie kulisukuma pembeni likiwa N.

Sasa, kuna vitu vidogo vinavyofanana kabisa na kifo cha giaboksi. Shafti ya gurudumu ikichomoka, inazunguka bure na gari halitikisiki. Kebo ya gia ikiachia, unasogeza mkono wa gia lakini kule chini hakuna kinachosogea. Mwaka jana mama mmoja, mwalimu, aliletwa hapa na gari lake juu ya lori kutoka Jogoo Road. Fundi wa kwanza alikuwa ameshamwambia aanze kutafuta giaboksi nyingine. Nikamwambia, "Mwalimu, nipe dakika tano." Nikaingia chini, kijana wangu akasogeza gia kutoka P hadi D, nikaona kebo inaning'inia kando ya mkono wake kama kamba iliyomponyoka mbuzi. Kile kishikizo cha plastiki kilichopo kwenye ncha kilikuwa kimepasuka. Ni kitu kisichozidi kifuniko cha soda. Nilipomwonyesha alikaa kwenye benchi, akaniuliza mara mbili kama nina hakika.

Lakini kama gari linakwenda R na linakataa D, au linakwenda D na kukataa R, hapo oili ikiwa sawa na kebo ikiwa sawa, kasoro mara nyingi iko ndani. Kila upande una klachi zake au bendi yake, na moja imechoka.

Ni dalili zipi huja mapema?

Giaboksi za otomatiki ni chache zinazokufa bila kulalamika. Asubuhi unaweka D na gari linakaa kwanza, unahesabu moja, mbili, ndipo linakamata. Ukipanda mlima wa Limuru Road, mshale wa mizunguko ya injini unaruka juu lakini mwendo hauongezeki. Huko ndiko kuteleza. Gia zikibadilika gari linapiga teke, au linatetemeka kwenye mwendo wa wastani kama linapita juu ya matuta madogo madogo. Ikiwa ni CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, utasikia mlio wa kulia unaopanda na kushuka na mwendo.

Kuna dalili moja watu huipuuza kwa sababu inajiponya: gari ni zuri asubuhi, likipata moto kwenye foleni linaanza kuchelewa kukamata, likipoa linarudi sawa. Hiyo maana yake oili ikiwa nyepesi kwa joto, presha haitoshi tena. Mpira wa kuzuia uvujaji wa ndani umekakamaa, au pampu imechoka, au filta imeziba. Hapo bado una nafasi. Njoo wiki hiyo, usingoje mwisho wa mwezi.

Oili ya giaboksi hupimwaje?

Hapa ndipo makosa mengi huanzia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia, gari liwe limeendeshwa mpaka likapata moto, lisimame mahali tambarare, injini iwe inaunguruma. Kanyaga breki, pitisha gia taratibu P, R, N, D na zile za chini, kisha rudisha P. Chomoa kijiti huku injini bado inafanya kazi, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena, ndipo usome upande wa alama ya moto. Ukipima injini ikiwa imezimwa, oili iliyokuwa imezunguka inarudi chini kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya giaboksi, na kijiti kitakudanganya kwamba imejaa kumbe imepungua. Honda nyingi za otomatiki za zamani ni kinyume: unalipasha moto, unazima injini, halafu unapima mara moja ndani ya dakika moja hivi. Soma kitabu cha gari lako. Kikiwa cha Kijapani, mwombe mtu mwenye simu akutafsirie ukurasa huo mmoja.

Halafu angalia rangi. Dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe. Oili nzuri hutambaa ikiwa nyekundu, au kijani au buluu kulingana na aina, na inabaki safi. Ikiwa hudhurungi, imezeeka. Ikiwa nyeusi na inaacha punje katikati ya tone, na ukiinusa inakupa harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi, klachi zimeungua. Ikiwa ya waridi nzito kama mala ya stroberi, maji ya radieta yameingia, na hapo usiendeshe hata kilomita moja. Katika magari mengi bomba la kupoza oili ya giaboksi limepita ndani ya radieta. Watu wakijaza maji ya mfereji mwaka hadi mwaka badala ya kulenti, ile dawa ya kupozea injini, chuma kinaliwa na kutu mpaka maji na oili vinakutana. Maji huzivimbisha na kuzibandua nyuzi za klachi kwenye sahani zake. Nimezitoa zikiwa laini kama mkate uliolowa chai.

Gari lisilo na kijiti hupimwa kwa tundu la chini, oili ikiwa kwenye joto alilotaja mtengenezaji, mara nyingi kwenye nyuzi 40 hivi, na joto hilo linasomwa kwa mashine. Fundi anayelipima kwa kulikisia, bila mashine, mkatalie kwa heshima.

Fundi ameniambia oili ya otomatiki ni oili tu, yoyote nyekundu inafaa.

Hapana. Naomba uniamini katika hili kuliko jingine lolote.

Toyota ina T-IV ya magari ya miaka ya nyuma na WS ya magari ya baadaye, na WS ni nyepesi zaidi. CVT za Toyota zinataka TC au FE. Nissan wana NS-2 na NS-3 za CVT. Honda Fit za mwanzo, zile za kuanzia 2001, zilikuja na CVT inayotaka HMMF, na za baadaye zikahamia HCF-2. CVT haina gia zinazopishana. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na kushika kwake kunategemea msuguano ambao oili yake imetengenezewa kuulinda. Ukiweka ATF, yaani oili ya otomatiki za kawaida, humo, mkanda unateleza na kuchubua puli. Puli ikishachubuka hakuna oili ya kuiponya. Gari litalia mlio ule mpaka mwisho.

Kwenye Kirinyaga Road, ambayo wengine bado tunaiita Grogan, utapata oili halisi na utapata iliyofungwa upya kwenye kopo la jina kubwa. Nunua kwa duka linalokupa risiti, angalia kizibo, na lete kopo zima gerejini ulifungue mwenyewe. Likiisha, hifadhi makopo matupu. Siku ukihitaji kuonyesha ulichoweka, ndiyo ushahidi wako.

Ni kweli kwamba nikibadilisha oili ya zamani giaboksi itakufa?

Umesikia kisa cha mtu aliyebadilisha oili Jumamosi, Jumatatu gari likagoma. Mimi pia nimekiona. Lakini tazama kilichotangulia: karibu kila mara mtu huyo alibadilisha kwa sababu gari lilikuwa limeshaanza kuteleza. Klachi zilikuwa zimekwisha, na unga wao uliokuwa ukielea kwenye oili chafu ndio uliokuwa ukisaidia sahani zishikane. Ukiutoa, ukweli unaonekana.

Kwa gari ambalo halijaguswa miaka mingi lakini linabadilisha gia vizuri, mimi situmii mashine ya kusukuma oili yote kwa presha. Inaweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye njia nyembamba za bodi ya valvu, inayogawa oili kwa kila gia. Ninafungua nati, ninatoa kinachotoka, ambacho mara nyingi ni nusu tu au chini yake kwa sababu nyingine inabaki kwenye toki konveta, kile kifaa kinachounganisha injini na giaboksi, ninajaza kiasi kile kile nilichotoa, mwenye gari anaendesha wiki mbili tatu, kisha tunarudia.

Na ninashusha sampu. Ndani yake zimo sumaku ndogo, na sumaku hizo ndizo zinazoniambia historia ya gari kuliko muuzaji yeyote. Zikiwa zimevaa tope laini la kijivu, linalopakika kidoleni kama risasi ya penseli, huo ni uchakavu wa kawaida. Ninaosha, ninazirudisha mahali pake. Nikikuta vipande vinavyomchoma mtu, vyenye ncha, au chembe za rangi ya shaba, ninamwita mwenye gari aje aone kwa macho yake kabla sijafunga. Wewe pia dai kuonyeshwa. Fundi aliyeosha sampu kabla hujafika amekunyima habari muhimu kuliko zote.

Kuhusu oili ya "maisha" inayotajwa kwenye vitabu vingine: maisha hayo hayakupimwa kwenye foleni ya Mombasa Road saa kumi na mbili jioni. Kwa gari la Nairobi mimi hubadilisha kila kilomita 40,000, na la teksi mapema zaidi.

Mashine imesoma P0700. Hiyo ina maana gani?

Peke yake haina maana kubwa. P0700 ni kompyuta ya giaboksi inainua mkono kusema ina jambo. Jambo lenyewe liko kwenye kodi ya pili, yaani namba ya kosa inayofuata: P0715 ni sensa ya mzunguko wa kuingilia, P0741 ni klachi ya toki konveta isiyoshika, P0730 ni uwiano wa gia usiolingana. Mashine za bei ndogo husoma upande wa injini tu na kuishia hapo. Fundi akikuambia "giaboksi" kwa sababu ya P0700 pekee, tafuta mwenye mashine inayoingia mpaka kompyuta ya giaboksi, na upige picha ya skrini kabla mtu hajafuta kodi.

Ni kitu gani kingine huigiza ubovu wa giaboksi?

Mautingi za injini, yaani mipira inayoibeba. Zikikatika, kila ukiweka R gari linapiga kishindo na mtu anaapa ni gia. Betri iliyochoka au olteneta inayotoa umeme pungufu huchanganya kompyuta, na solenoidi, zile valvu ndogo za umeme za giaboksi, hazifunguki kwa wakati. Soketi ya waya iliyoingia oili au maji. Throto chafu. Na bodi ya valvu pamoja na solenoidi, ambazo kwenye magari mengi hutoka kwa kushusha sampu peke yake, giaboksi ikiwa bado imefungwa kwenye gari.

Gari linavutwaje likikwama?

Kwa lori la kubeba gari zima. Pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ikizimwa huku magurudumu yanayovuta yanagusa lami, vitu vya ndani vinazunguka vikavu. Gari la kuvuta mbele linaweza kuinuliwa magurudumu ya mbele. La kuvuta magurudumu yote manne libebwe lote, bila mjadala. Kamba nyuma ya pikapu ya rafiki kutoka Athi River mpaka mjini imewagharimu watu giaboksi iliyokuwa na tatizo la solenoidi tu. Na otomatiki ya kawaida haiwashwi kwa kusukumwa.

Nitengeneze hii, ninunue eks-Japani, au niliuze gari?

Swali gumu, na jibu langu hubadilika kwa kila gari.

Kama ni giaboksi ya kawaida ya gia 4, kama ile U340E iliyomo kwenye Toyota nyingi ndogo, na gari lenyewe ni zima, eks-Japani mara nyingi ndiyo njia ya busara. Ni nyingi sokoni na zinavumilia. Lakini "eks-Japani" si cheti cha uzima. Ni giaboksi iliyotolewa kwenye gari jingine lililotumika, na hujui lilitolewa kwa nini. Kabla hujalipa, soma kibandiko cha chuma mlangoni au chini ya boneti kilicho na namba ya giaboksi ya gari lako, ilingane herufi kwa herufi na inayouzwa. Nusa oili iliyobaki ndani. Fungua sampu dukani kama muuzaji anakubali. Wengi hukubali ukiwa umekuja kununua kweli. Hakikisha toki konveta imo. Andikishana naye siku ngapi za dhamana, na kama dhamana inahusu kurudishiwa pesa au kubadilishiwa tu, maana kazi ya kushusha na kupandisha mara ya pili haifanywi bure, unailipa wewe.

Giaboksi hiyo ikifungwa, bomba za kupoza oili na radieta zioshwe au zibadilishwe. Chembe za ile iliyokufa zimejificha humo, zinangoja ngeni. Nimewaona watu wakiua giaboksi mbili kwa uchafu wa moja.

Kuifanyia matengenezo ya ndani kunafaa pale mwili wake bado mzima na vifaa vya kubadilisha, yaani klachi, mipira na gasketi, vinapatikana kama seti. Dai kurudishiwa vya zamani kwenye boksi. Kwa CVT iliyochubuka puli, kwa kweli mimi siwashauri watu kuifungua, tafuteni nyingine. Na kama bei ya kutengeneza inakaribia nusu ya thamani ya gari, keti na familia kwanza. Ukiamua kuliuza, mwambie mnunuzi lina nini. Utapata pungufu, lakini hutakuwa umemwachia mtu mwingine usiku wa kukwama barabarani na watoto.

CVT zote ni mbaya?

Hapana. Zinataka utunzaji ambao hatukuzoea. Zile za miaka ya nyuma zilikuwa na matatizo hata kwao: Nissan Marekani iliongeza dhamana ya CVT kwa magari ya modeli za 2003 hadi 2010 kutoka miaka 5 mpaka 10, au maili 120,000. Dhamana hiyo haikuhusu gari lililoingia Kenya kupitia Mombasa likitoka Japani. Ukinunua lenye CVT, hesabu kubadilisha oili kama gharama ya kununulia.

Nimelinunua wiki mbili zilizopita na giaboksi imegoma. Nina haki gani?

Unayo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyonunuliwa kwa mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina hiyo iwe ya hali inayofaa kuuzwa, na kifungu cha 46 cha Katiba kinamlinda mlaji. Ugumu uko hapa: ukiwa umelikagua gari, sheria haikulindi kwa kasoro ambazo ukaguzi ulipaswa kuzifichua. Kununua kwa mtu binafsi kuna ulinzi mdogo kuliko kununua kwenye yadi.

Usilifungue gari kwanza. Mwandikie muuzaji, ujumbe wa simu unatosha kuanza, ueleze tarehe, kilomita na kilichotokea, na umpe nafasi ya kuja kuona. Chukua ripoti ya fundi asiye wake. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo ya Milimani husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60.

Nikienda kuona gari, nijuaje kama giaboksi ni nzima?

Sema utafika saa mbili asubuhi na gari lisiwashwe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina moto, kuna kitu hutakiwi kukisikia. Weka R, kisha D, mguu ukiwa kwenye breki. Likamate mara moja, bila kishindo. Endesha angalau nusu saa, uingie kwenye foleni makusudi, upande mlima. Likishapata moto rudia R na D. Omba cheti cha usafirishaji cha Japani, kinachoonyesha kilomita zilizoandikwa kwenye ukaguzi wa kule, ulinganishe na mita. Gari halivuki umri wa miaka 8 kuingia Kenya, lakini umri mdogo hauzuii mita kurudishwa nyuma.

Gari lilipita kwenye maji wakati wa mafuriko.

Giaboksi ina tundu la kupumulia juu. Ikiwa ya moto na kuzamishwa ghafla kwenye maji baridi, inavuta maji ndani. Baada ya mvua za Aprili na Mei 2024 nilipokea magari mengi yaliyokuwa yakienda vizuri mwezi mzima kisha yakaanza kutetemeka. Maji yakifika katikati ya magurudumu na zaidi, pima oili kabla ya kuliendesha tena.

Kuna tabia za dereva zinazoua giaboksi?

Kuweka R kabla gari halijasimama. Kulishikilia gari mlimani kwa mguu wa mafuta badala ya breki, hapo oili inachemka. Kuegesha mteremkoni kwa P peke yake. Vuta handibreki kwanza, achia breki gari litulie, ndipo P. Ukishuka kwenda Mai Mahiu tumia gia ya chini, usiweke N eti unaokoa petroli.

Fundi mwingine ameshaishusha. Naweza kukuletea?

Lete. Lakini lete pamoja na toki konveta, sampu ikiwa haijaoshwa na sumaku zake zikiwa humo, boliti zote hata zile zinazoonekana hazina kazi, na oili iliyotoka kwenye chupa nyeupe ya maji. Piga simu ukiwa njiani nikutengee nafasi mezani, ili tuifungue wewe ukiwepo.